Kujenga paa la turubai la Mazda MX-5 kwa modeli ya 1/24

Paa la turubai ni kitambaa kilichovutwa juu ya pinde za chuma, na kinachomfanya mtazamaji aliamini ni ule mvuto. Ndiyo maana modeli iliyobandikwa kitambaa halisi mara nyingi huonekana kama mwanasesere aliyevikwa nguo: nyuzi ni nene mno, kingo zimevimba, na umbo la chini halina mfupa. Fanya hesabu kidogo. Vinili ya paa, ile ngozi ya plastiki wanayoshonea mafundi viti, ina unene wa kama milimita 1. Gawa kwa 24, unapata 0.04 mm. Hakuna kitambaa dukani chenye unene huo, lakini karatasi ya tishu iliyotenganishwa tabaka inaukaribia. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu iko kwenye umbo. Ngozi ya nje inakuja mwishoni, na ni nyepesi.

Nimechagua MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoonyeshwa Chicago Februari 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Tamiya, watengenezaji wa seti za modeli, wana modeli yake ya 1/24, na paa lake linafundisha vizuri kuliko mengi ninayoyajua. Ni la tabaka moja, halina bitana ndani, kwa hiyo pinde zote zinaonekana ukichungulia dirishani. Dirisha la nyuma ni plastiki laini iliyozungushiwa zipu. Kioo kilikuja na kizazi cha pili kilichoanza kuuzwa 1998. Ukiwa na gari jingine, hatua ni hizi hizi, ila jua aina ya paa unaloiga. Volkswagen Beetle ya wazi iliyojengwa na Karmann, kwa mfano, ina paa nene lenye tabaka kadhaa na bitana ndani. Lile linatakiwa kuwa laini na la mviringo, pinde zisisomeke kwa nje. Ukiliweka mbavu umelipotosha.

Vifaa

Kipande cha mbao laini: balsa ukiipata, la sivyo msonobari usio na vifundo. Kadibodi ngumu. Kipande cha plaiwudi. Plastiki ya polistireni ya milimita 1. Msasa namba 120, 240, 400 na 1000. Kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi wa magari, gundi nyeupe ya mbao, gundi ya plastiki, supa gluu, tishu nyeupe isiyo na maua, na waya wa shaba uliovuliwa kwenye nyaya za umeme.

Neno moja kuhusu plastiki. Si lazima uagize karatasi za polistireni kutoka nje. Geuza vifungashio vya chakula uangalie pembetatu ya chini: namba 6 ni polistireni, nayo inalainika kwa joto na kushikana kwa gundi ya plastiki. Namba 5 ni polipropilini, na gundi hiyo haiishiki hata kidogo. Namba 1, ile angavu ya chupa za maji na maboksi ya keki, itatufaa kwa dirisha. Vikombe na vibakuli vya namba 6 huwa vyembamba, kwa hiyo kwa gamba la paa, yaani ganda la plastiki litakalobeba ngozi ya nje, tafuta vifuniko au sinia nene. Vile vyembamba vitunze kwa vipande vidogo.

Hatua ya kwanza: picha yenye kipimo

Tafuta picha ya gari likiwa limefunga paa, iliyopigwa ubavuni kabisa na kutoka mbali. Picha ya karibu hupindisha umbo: katikati ya gari huvimba na ncha husinyaa, nawe utachonga uvimbe huo bila kujua. Umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma kwenye MX-5 hii ni milimita 2,265. Kwa 1/24 ni 94.4 mm. Chapisha picha, pima vitovu kwa rula, kuza au punguza hadi ifike 94.4. Sasa kila unachokiona ubavuni mwa picha hiyo ni kipimo chako: urefu wa paa, kilele kilipo, mwinamo wa dirisha la nyuma.

Kabla ya kuiamini, ilaze picha kando ya bodi ya modeli. Seti nyingine huwa zimechezewa vipimo kidogo ili gari lipendeze, hasa mwinamo wa kioo cha mbele. Zikitofautiana, fuata modeli. Paa lako litakaa kwenye modeli, halitakaa kwenye picha.

Tafuta pia picha ya nyuma, ya juu, na moja ya ndani. Ya ndani ndiyo watu huiruka, nayo inakuonyesha pinde ni ngapi na kila moja iko wapi. Weka alama ya kila upinde kwenye ile picha ya ubavuni.

Hatua ya pili: tayarisha bodi

Fremu ya kioo cha mbele lazima iwe imegundishwa mahali pake na imekauka, kwa sababu paa linaanzia hapo. Tofauti ya nusu milimita kwenye fremu inakuwa pengo la wazi kwenye paa. Weka viti na usukani kwa muda uone kama vichwa vya viti vitapita chini ya upinde. Kisha funika bodi yote kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula na uibane kwa tepu. Kama bodi imeshapakwa rangi, nailoni pekee haitoshi: weka kwanza tabaka la tepu ya karatasi kwenye mabega ya bodi na kifuniko cha buti, maana kalibu, yaani umbo la mbao tutakalolichonga katika hatua ya tatu, itapandishwa na kushushwa hapo mara nyingi.

Hatua ya tatu: kalibu

Hapa usiharakishe.

Kata kadibodi kwa kufuata mstari wa katikati ya paa, kutoka ukingo wa juu wa fremu ya kioo hadi paa linapogusa bodi nyuma. Kumbuka picha ya ubavuni inaonyesha vitu viwili: ukingo wa juu wa dirisha la mlango, na nyuma yake, juu kidogo, mgongo wa paa. Kadibodi yako inafuata mgongo. Punguza nusu milimita kote, kwa sababu gamba la plastiki litarudisha unene huo.

Igundishe kadibodi hiyo katikati ya vipande viwili vya mbao, kisha chonga. Faida yake ni kwamba kadibodi inakuwa mpaka: unasugua mbao pande zote mbili mpaka ukingo wa kadibodi utokeze kama mstari, hapo unajua umefika. Bila uti huo ni rahisi sana upande mmoja kuwa juu kuliko mwingine, na jicho la mtu huona kasoro hiyo mara moja akilitazama gari kutoka nyuma. Acha mbao iendelee chini ya usawa wa bodi kwa sentimita moja hivi. Utaihitaji wakati wa kubonyeza plastiki.

Baada ya msasa 240 utakuwa na umbo laini lililoviringana vizuri, na hapo wengi husimama. Lakini bado si turubai. Ni paa la bati. Turubai lililokazwa kwenye pinde lina tabia yake: likitazamwa kutoka mbele limejikunja kama upinde ulivyo, likitazamwa kutoka ubavuni linakwenda karibu mstari ulionyooka kati ya upinde mmoja na mwingine, hata kubonyea kidogo. Chora mistari ya pinde kwenye kalibu kwa penseli. Zungushia msasa 240 kwenye kalamu nene, sugua kati ya mistari kwa kwenda na kurudi sambamba na pinde, na usiiguse mistari yenyewe. Unatafuta bonde la 0.3 hadi 0.5 mm, basi. Pima kwa kulaza rula juu ya pinde mbili na kutazama mwanga unaopita chini yake. Mwanga mwembamba unatosha. Ukizidisha, paa litaonekana limelegea na kuzeeka, jambo ambalo ni halali kwa gari la miaka 30 lakini liwe umelikusudia.

Eneo la dirisha la nyuma lina sharti lake. Plastiki bapa hukubali kupinda upande mmoja tu. Kata utepe wa kadibodi nyembamba, ulaze juu ya eneo la dirisha, uuzungushe kutoka kushoto kwenda kulia. Ukilala wote bila kunyanyuka popote, dirisha litakaa. Ukinyanyuka ncha au tumbo, endelea kusugua, kwa sababu hakuna gundi itakayolazimisha dirisha kushika umbo la bakuli. Pembe za nyuma, zile zinazoshuka kutoka mwisho wa mlango kwenda kwenye buti, ziwe karibu bapa, zikibonyea kidogo sana katikati. Paa la MX-5 halina vioo vidogo vya pembeni, kwa hiyo eneo hilo lote ni turubai, na ni kubwa kuliko unavyodhani.

Ukishamaliza, paka kalibu vanishi au supa gluu nyepesi, iache ikauke, sugua kwa 400.

Hatua ya nne: gamba

Kata tundu kwenye plaiwudi linalofuata umbo la kalibu likitazamwa kutoka juu, kubwa kwa milimita 1 hadi 1.5 kila upande. Bana karatasi ya polistireni juu ya tundu kwa pini za ubao. Simamisha kalibu mezani juu ya kigingi, tayari.

Pasha plastiki juu ya jiko la umeme, au makaa yaliyokwisha kuwaka yasiyo na mwali, kwa umbali wa kiganja hivi, ukizungusha plaiwudi ili joto lisambae. Fanyia nje au penye hewa, na uvae glavu. Polistireni huanza kulainika karibu na nyuzi 100, lakini kwa kazi hii unataka ilegee zaidi: kwanza itajikunja mawimbi, kisha itajinyoosha, kisha itaanza kuning'inia katikati. Ikianza kuning'inia, ondoa na ushushe juu ya kalibu kwa msukumo mmoja wa moja kwa moja, bila kusita. Shikilia kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Ikitoa moshi umepitiliza, tupa kipande hicho. Andaa vipande kadhaa tangu mwanzo, maana mkono huzoea joto baada ya kimoja au viwili, na gamba zuri hupatikana kwa kuchagua.

Asiye na njia ya kupasha joto anaweza kulijenga gamba kwa tishu na gundi nyeupe, tabaka sita au zaidi juu ya kalibu iliyofunikwa nailoni. Linatoka vizuri, ila mnaoishi pwani mjipe subira. Kwa unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam kila tabaka linataka usiku mzima ndipo likauke kwa ndani.

Kabla ya kulitoa gamba kwenye kalibu, chora mistari ya kukatia. Ukingo wa chini: laza penseli juu ya kibao chenye kimo unachotaka, izungushe kalibu ikigusa ncha. Dirisha la nyuma na kingo za milango: tengeneza kiolezo cha karatasi cha upande mmoja, kipindue kwa upande wa pili, pande zote zitalingana. Kata kwa kukwaruza mara nyingi kwa wembe, usikate kwa nguvu. Acha nusu milimita ya ziada kila mahali, halafu lisogeze kwenye bodi na kulipunguza kwa msasa kidogo kidogo mpaka likae bila kubanwa. Upande wa mbele unakaa juu ya fremu ya kioo, hauingii nyuma yake.

Jambo la mwisho kwenye gamba, dogo lakini linalobadilisha kila kitu: nyembamisha kingo kwa ndani. Sugua kwa mshazari mpaka ukingo wa nje uwe mwembamba kama karatasi. Mtu akiona ukingo wa milimita nzima, ameona plastiki.

Hatua ya tano: pinde

Nyoosha waya wa shaba kwa kuubana upande mmoja na kuuvuta kwa koleo mpaka uhisi umelegea kidogo, utanyooka wenyewe. Kunja kila waya juu ya kalibu, mahali pa mstari wa upinde wake, kisha uubandike ndani ya gamba kwa supa gluu, palepale nje panapoonekana mgongo. Upinde usipolingana na mgongo wake, mtazamaji makini ataona. Mbele, ukingo unaokutana na kioo ni kipande kipana: tumia utepe wa polistireni wa milimita 1.5, na juu yake weka vibanio viwili, kimoja karibu na kila pembe, kwa vipande vidogo vya plastiki. Reli za pembeni juu ya milango ni utepe pia, uliokatwa mahali fremu inapokunjika. Paka ndani yote nyeusi isiyong'aa sasa, kabla ya dirisha.

Hatua ya sita: ngozi

Sugua gamba kwa 400 lishike. Tenganisha tishu ubaki na tabaka moja. Changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu.

Usifunike paa lote kwa kipande kimoja. Fundi viti hukata paa vipande na kuviunganisha kwa mshono, nawe fanya hivyo: tazama picha, kata tishu kwa kila kipande kati ya mishono, na uviache vilaliane kwa 0.7 mm. Mshono halisi uliokunjwa una upana wa milimita 15 hadi 20, kwa hiyo kulaliana huko tayari ni mshono wenye kipimo sahihi. Paka gundi kwenye gamba, laza tishu kavu, kisha brashi laini yenye maji ya gundi, kutoka katikati kwenda kingoni. Vuta kwa brashi, usivute kwa kidole. Tishu iliyolowa huchanika. Kingoni ikunje kwa ndani milimita 1.

Makunyanzi machache yakijitokeza kwenye pembe za nyuma, karibu na bodi, yaache. Yakijitokeza juu ya kichwa cha dereva, yanyooshe. Paa lililofungwa vizuri halina makunyanzi pale.

Mishono inayohitaji kutokeza zaidi iongezee utepe wa tepu ya karatasi uliokatwa juu ya kioo kwa wembe mpya. Nyuzi za mshono wenyewe ziache. Hatua moja ya cherehani ni milimita 4 au 5, ambayo ni 0.2 mm kwenye modeli, na mstari wa vitobo utakaochoma kwa sindano utakuwa mkubwa mara mbili ya hapo. Zipu ya dirisha ni tofauti, kwa sababu jicho huitafuta: laza uzi mwembamba wa kushonea kando ya dirisha, uliolowekwa gundi nyeupe, na pande zake mbili weka tepu nyembamba.

Ikikauka, piga vanishi nyepesi kuua manyoya ya tishu, sugua kidogo kwa 1000 iliyoloweshwa, kisha praima ya kijivu.

Hatua ya saba: rangi

Nyeusi tupu hufuta kazi yako yote, kwani mabonde na migongo uliyochonga hayatasomeka. Tumia kijivu kilichokaribia weusi. Katika rangi za Tamiya, XF-85 au XF-69 zinafaa bila kuchanganya. Kwa rangi za kawaida, tia kijivu kidogo na tone la kahawia ndani ya nyeusi. Zikikauka, chovya brashi katika rangi hiyo iliyoongezwa kijivu, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, na uipitishe juu ya migongo ya pinde na mishono pekee. Malizia kwa vanishi ya kati, isiyong'aa wala isiyofifia kabisa. Vinili ina mng'ao mdogo. Paa la kitambaa ndilo lisilo na mng'ao.

Hatua ya nane: dirisha na kufunga

Kata dirisha kwenye plastiki angavu namba 1, kubwa kuliko tundu kwa milimita 1 pande zote, na ulibandike kwa ndani kwa gundi nyeupe. Supa gluu usiisogeze hapa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na ndani ya paa lililofungwa hauna pa kutokea. Bana kwa tepu usiku kucha.

Mimi hupendelea paa linalotoka, ili mambo ya ndani uliyoyahangaikia yaonekane. Weka sumaku ndogo ya milimita 2 ndani ya ukingo wa mbele na kipande cha waya wa chuma kwenye fremu ya kioo, shaba haivutwi. Nyuma, pini mbili fupi zinazoingia kwenye matundu nyuma ya viti zinatosha. Ukitaka kulifunga moja kwa moja, tone la gundi nyeupe kwenye pembe nne linashika na bado linaweza kubanduliwa kwa maji ya uvuguvugu. Mwisho paka mstari mwembamba mweusi wa raba chini ya reli za milango, kwa rangi ya kung'aa kidogo kuliko paa, na uache vioo vya milango vikiwa chini ili pinde zionekane.